Mafuta ya Kupikia

Ijumaa, 28 Februari

Leo ni vunja jungu. Ustadh Mikdad ametuasa kwa kipaza sauti kwamba mwezi ukiandama tuzuie ndimi zetu, kwa sababu mtu anaweza kushinda na njaa kutwa nzima, kisha thawabu zake zote zikaenda kwa yule aliyemsengenya. Nimemsikia vizuri, maana spika ya msikiti imeelekezwa kwenye uchochoro wetu. Lakini mimi bila kusema watu nitapasuka. Nimewaza, nikakumbuka kwamba Ustadh kasema ulimi, hakusema kalamu. Nimeagiza daftari dukani. Mwezi huu nitasengenya humu.

Wa kwanza ni mdogo wangu Masoud. Kapiga simu tena kutoka Miono. Salamu ndefu, nyumbani hawajambo, mvua bado, halafu ndiyo anaingia kwenye lake: shamba la Mama. Kiwanda kilichojengwa njia ya Msata kinanunua muhogo, na masika haya kinataka Masoud ang'oe muhogo wetu wa kula apande mbegu yao, ile michungu yenye unga mwingi. Nikamuuliza huo muhogo wanaufanyia nini. Akasema, "Mafuta ya kupikia, dada." Angalau ni kitu cha kula, nikajisemea.

Lakini shamba silitoi. Muhogo wa shamba lile ndio ninaokaanga barazani kwangu hapa Dunda kila asubuhi, na ndio ninaoupika kwa nazi jioni za Ramadhani watu wakaja na mabakuli. Likienda shamba, karai langu nitalifanya pambo la ukutani. Mama, ambaye ndiye mwenye shamba na anakaa kwangu, hajasema ndiyo wala la. Kila nikimuuliza anakohoa.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Kichwa kinagonga kwa kukosa chai. Muhogo wa nazi umeisha kabla ya adhana, hata sisi tumefuturu kwa tende na uji.

Jumatano, 5 Machi

Nimeponea chupuchupu, na simulizi hii lazima niiandike kabla Mama hajaisambaza kwa namna yake.

Majaliwa, yule dereva wa Fuso anayetuletea magunia kutoka Miono, ameshusha leo dumu la lita tano na boksi. "Masoud kasema mpe Mama, mafuta ya kupikia ya kiwandani." Nikafurahi kupita kiasi. Mafuta yamepanda bei hata sambusa siku hizi zinaonekana mara mojamoja. Boksi nikaliweka kando, dumu nikaenda nalo moja kwa moja barazani. Karai lilikuwa tupu na makaa ndiyo kwanza yanashika. Nikamimina kidogo, yakatoka meupe na mepesi kama maji. Nikainama ninuse.

Harufu ya chumba cha sindano! Nikalishika karai kwa ncha za kanga, mbio hadi uani, nikamwaga mchangani.

"Majaliwa! Hii nini umeniletea?"

"Mafuta ya kupikia, bi mkubwa."

"Haya ni spiriti!"

"Ndiyo. Si ya kupikia? Unatia kwenye jiko, jiko liko humo kwenye boksi. Nani kakwambia ya kukaangia?"

Nikampigia Masoud. Naye hivyohivyo. "Dada, nilisema kupikia, sikusema kukaangia." Yaani watu wazima watatu, Kiswahili chetu wenyewe, na bado nusura niunguze nyumba. Kumbe muhogo hauendi kuwa kitu cha kula. Unaenda kuwa moto.

Nimekaa na jambo hilo mchana kutwa. Sijui kwa nini limenichoma hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama kagoma kuligusa jiko hadi aulize kama ni halali, kwa sababu spiriti ni kileo. Amemsubiri Ustadh Mikdad akitoka msikitini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hivi futari iliyopikwa kwa pombe inafaa?"

Ustadh kauliza, "Pombe iko ndani ya sufuria au chini ya sufuria?"

"Chini, ndani ya jiko. Inawaka."

"Basi iache iungue, bibi. Wewe usiinywe tu."

Mama karudi anacheka peke yake njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nazi zimepanda bei. Sina jingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nataka kumsema Masoud leo na nimeshindwa, inaniudhi.

Mama hakohoi. Tangu tuanze kupikia jiko lile ndani hakuna moshi, sufuria haina masizi, na Mama anasogea mwenyewe jikoni kukoroga uji, mahali ambapo hajatia mguu tangu mwaka juzi. Jana usiku kalala moja kwa moja. Mimi mwenyewe macho yangu, ambayo watu walizoea kuniuliza nani kafariki, leo ni meupe. Nimesimama pale natazama muhogo wa nazi unachemka juu ya moto wa muhogo, nikashindwa nikasirike au nishukuru.

Swaumu kaja na bakuli lake kama kawaida. Huyu Swaumu ni mjane anayefua nguo za watu, na tangu nianze biashara, ukiacha Ramadhani, hajawahi kupitisha asubuhi bila muhogo wangu wa kukaanga. Anakula vipande vyake barazani na chachandu nyingi ya pilipili, anakunywa maji, anaondoka, na hicho chakula anakaa nacho tumboni hadi magharibi, kama amefunga mwaka mzima. Leo kaliona jiko.

"Hilo linawaka nini?"

"Muhogo."

"Shamsia bwana! Mwezi mtukufu huu."

"Wallahi. Wanauchachusha, wanaugeuza spiriti."

Kaliangalia sana. "Sasa wakiuchoma wote, sisi tutakula nini?" Kisha kachukua bakuli lake akaenda zake. Hakuuliza kwa hasira. Kauliza kama mtu anayeuliza bajaji ya mwisho inaondoka saa ngapi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imepiga tangu alfajiri. Mama kashikwa na mafua, hanusi chochote. Zaina kaenda kwao Pangani kujifungulia.

Niandike Zaina ni nani, maana pengo lake nitalisikia. Ni jirani yangu, mja mzito, kwa hiyo hafungi, na ndiye ulimi wangu mwezi huu. Sisi wakaangaji hatumwagi gunia kwenye karai hivihivi. Unakata mkia wa muhogo, unauweka ulimini, ukiwa mtamu unaendelea, ukiwa mchungu unauweka pembeni, maana mchungu una sumu. Siku za kawaida naonja mwenyewe. Ramadhani namwita Zaina, anatafuna, ananyanyua kidole gumba, kazi inaendelea.

Jumanne, 18 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, Mama kalazwa.

Asubuhi Majaliwa kaleta gunia limelowa. Kasema barabara inateleza, vibarua wa Masoud wamechimba mvuani, na yeye alikuwa na haraka asije akanasa. Saa tisa nikaanza kumenya. Nikakata mkia wa muhogo wa kwanza, nikabaki nimeushika. Zaina hayupo. Ningeweza kuugusisha ulimi nikatema, Ustadh keshatuambia zamani mpishi ana ruhusa. Lakini mimi na saumu yangu tuna maringo. Nikajiambia muhogo wa Mama naujua tangu sijaota meno. Nikatupa ule mkia kwenye maganda, nikakatakata, nikatia tui zito na bizari na pilipili. Watu wakaja na mabakuli, nikawapakulia wote. Swaumu alikuwa wa mwisho.

Adhana ikaadhiniwa. Nikafungua kwa tende na maji, nikamtengea Mama sahani yake, nikaingia ndani kuswali magharibi. Sijatoa salamu vizuri nasikia mlango unapigwa.

"Shamsia! Msile! Mchungu!"

Swaumu, kanga kichwani imelowa chapa, tende bado iko shavuni. Alikuwa ameonja kipande kimoja akakitema, hata maji hajanywa. Kabla sijafungua mdomo kaniuliza, "Nani mwingine kachukua? Nitajie haraka." Nikamtajia nyumba moja moja, naye akatoka mbio mvuani, namsikia anapiga hodi uchochoro mzima, msile, msile, uwekeni chini. Mtu mwenye njaa ya kutwa. Wengi walikuwa wameshatia tonge moja wakatema. Mtoto wa nyumba ya pili katapika kidogo akapoa.

Nikageuka kwa Mama. Sahani ilikuwa inakaribia kuisha.

"Mbona mimi sijauona huo uchungu?" akasema. "Tui limekolea."

Ulimi umekufa kwa mafua, masikini. Nikampokonya sahani. Hazikupita dakika nyingi akasema kichwa kinamzunguka. Kisha kutapika. Nikamshika kifuani, moyo unakimbia namna ambayo sijawahi kuusikia moyo wa mtu. Jasho jembamba. Ananiita jina la dada yake aliyekufa. Nimelia, sioni haya kuandika. Swaumu kapata bajaji, sijui wapi, kwenye mvua ile na saa ile watu wote wanakula. Yeye kashika miguu ya Mama, mimi kichwa.

Daktari kaniuliza amekula nini. Nikasema muhogo. Kaniuliza muhogo gani. Nikasema wa shambani kwetu.

Sasa wamemtundikia dripu na kapata usingizi. Swaumu kanunua chai ya hapo nje, kanywa nusu, nusu kanipa mimi. Nampigia Masoud tangu saa moja na nusu, na kila anapopokea naikata, kwa sababu nitakayoyasema hayafai ndani ya mwezi huu.

Alhamisi, 20 Machi

Mama kaamka vizuri jana na leo kaomba uji. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Masoud kafika saa ya kuona wagonjwa, matope hadi magotini, Fuso ilinasa njia ya Mandera akatembea kipande. Akaja mbele yangu kwenye korido, akainamisha kichwa.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mtu marahaba, hata mkwe niliyemchukia. Akasimama pale na shikamoo yake mkononi. Kisha nikamfungulia mdomo. Nikamwambia muhogo mchungu haukuota wenyewe, umetupandia sumu kwenye shamba la Mama kwa siri, ukatufungia gunia ukatuletea mwezi wa Ramadhani, kwa ajili ya kiwanda kinachochoma chakula. Nikamwambia mengine. Muuguzi katutoa kwenye korido, nikaendelea uani. Masoud akaningoja nimalize. Aliposema, alisema tu, "Twende kwa Mama."

Mama alikuwa ameegemea mto. "Nimekusikia kutoka huku ndani, Shamsia. Wadi nzima imekusikia." Kisha akasema, "Nilimruhusu mimi."

"Umemruhusu nini?"

"Kupanda ile mbegu. Masika ya mwaka jana. Nusu ya chini, kuanzia mstari wa mananasi. Nusu ya juu ibaki ya kula."

"Na mimi hukuniambia?"

"Una mdomo, mwanangu."

Masoud akatazama chini. Mama akaendelea, polepole, maana pumzi bado ndogo. "Wewe nilikupa nyumba ya Dunda. Una baraza, wateja wanakuja wenyewe kwa miguu yao. Mwenzako nilimpa udongo. Miaka mingapi nasikia analia kwenye simu, Mama muhogo umeoza, Mama gari haliingii, Mama wachuuzi wamefurisha gunia lumbesa kwa bei ya gunia moja? Kile kiwanda kimechonga barabara. Kinakuja na mzani. Sikuona sababu ya kumkatalia. Nikaona sababu ya kukuficha wewe."

Vibarua ndio waliokosea. Mananasi yamemezwa na nyasi, mvua inapiga, Majaliwa anapiga honi, wakachimba wakivuka mpaka hawajui. Masoud alikuwa Msata kupeleka mzigo. Kasema hivyo mara moja tu, hakujitetea tena, na baadaye nimemkuta nyuma ya ukuta wa kufulia analia. Ana mvi nyingi mdogo wangu. Sikuwa nimeziona, kwa sababu sisi huonana kwa simu na magunia.

Nilitaka nimsogelee. Sikumsogelea. Hasira yangu ilikuwa bado haijapata pa kukaa.

Jumapili, 23 Machi

Mama karudi nyumbani. Hakuna anayenunua muhogo kwangu. Napika vitumbua. Swaumu kanunua viwili, kasema vinajaa hewa tu tumboni, na kweli.

Jumatano, 26 Machi

Masoud kapiga. Kiwanda kinataka jibu la nusu iliyobaki kabla mvua hazijapungua, la sivyo nafasi hiyo ya mbegu na gari watampa mkulima mwingine. Mama kasema, "Nendeni mkakubaliane hukohuko shambani. Mkikubaliana mnipigie. Mkigombana msinipigie."

Jumatatu, 31 Machi

Idi mubarak. Pilau limeungua chini. Nimempelekea Swaumu sahani, naye kanirudishia sahani ina tambi.

Jumamosi, 5 Aprili

Miono. Nimekuja na Majaliwa, mgongo umekufa. Tumepita Msata, malori ya muhogo yamepanga foleni, na juu ya kila moja watu wamelala kwenye magunia wakisubiri mzani. Nilidhani nitaona mambo ya kuchukiza. Nimeona watu waliochoka wanaocheka.

Masoud kaja kunipokea. "Shikamoo dada." Nikamwambia, "Marahaba. Na ile ya hospitali, marahaba pia." Tukaenda.

Nyumba yake ina bati jipya. Mwanawe mkubwa, Adila, yuko shule ya bweni, na wifi yangu Wahida kanionyesha picha yake kwenye simu, sare imepigwa pasi, kasimama wima kama askari. Wahida hakusema hii imetoka kiwandani. Hakuhitaji.

Shambani mvua ilikuwa manyunyu. Nusu ya chini imesimama mihogo ya kiwanda, minene na mirefu, hata nguruwe mwitu hawaigusi kwa uchungu wake. Nusu ya juu ndiyo yetu. Kati yake nyasi, na ukitafuta kwa mguu ndiyo unakanyaga nanasi. Nami mtoto wa shamba hili nisingejua. Nikaacha kuwalaumu wale vibarua.

Nikaanza na maneno yangu niliyoyapanga tangu Dunda. Kwamba chakula ni chakula. Kwamba watu wa mjini wanategemea muhogo kwa sababu ni rahisi, mkate haushikiki, na yeye akiung'oa, watu kama Swaumu wataamka na nini. Masoud kanisikiliza hadi mwisho. Hanikatizi kamwe, tangu udogo wake, na ndiyo maana mimi huzidisha.

"Ni rahisi kwa nani, dada?" kauliza.

"Kwa watu."

"Mimi si mtu?"

Nikatazama nyasi za mpakani, naye akaendelea.

"Muhogo wako wa kukaanga lazima uwe laini. Ukipita mwaka na nusu ardhini unakuwa kuni, wewe mwenyewe unaukataa, unaniambia Masoud hii ya kufungia mbuzi. Nimeumwaga hapa, pale, pale." Kaonyesha. "Kiwanda hakikatai. Kizee, kichanga, kilichovunjika, kinapima tu. Miaka yote watu wa Dunda wamekula muhogo rahisi, na ulikuwa rahisi kwa sababu mimi sikuwa na pa kuupeleka. Simlaumu Swaumu. Simchukii. Lakini nimemlisha mimi, na yeye hanijui."

Hakupaza sauti. Angepaza ningempata. Nimesimama pale na matope kwenye vidole, naona miaka yote nilivyokuwa nikimwambia Majaliwa mwambie Masoud apunguze bei kidogo, na Masoud akipunguza. Nilikuwa naona nina akili ya biashara.

"Ungependa nini?" nikamuuliza. Nadhani ni mara ya kwanza.

"Mimi napenda ule wa kula," akasema. "Harufu yake ukiuvunja. Wahida anaupika na njugu. Nani anapenda kulima kitu ambacho watoto wake hawawezi kukidokoa? Lakini siwezi kuulima kwa kupenda."

Tukakaa chini ya turubai, mvua ikaongezeka. Nikamwambia nitauchukua muhogo wa nusu ya juu wote kwa bei ileile ya kiwanda, kwa mzani, bila lumbesa, na uliokomaa sana nitauchukua pia nitauanika makopa. Akanigeukia.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Wateja wako?"

"Hiyo niachie mimi."

Tukampigia Mama. Kauliza, "Mmegombana?" Tukasema hapana. Kasema, "Basi nipeni Wahida nimsalimie."

Jumapili, 6 Aprili

Nimepanda. Masoud kakata pingili, mimi nachomeka, Wahida anafukia. Viganja vimetoka malengelenge na nimeimba nyimbo zote za unyago ninazozikumbuka, Masoud kaziba masikio. Zamani nilikuwa namwona kama mtu wa kuletewa habari zake na dereva. Leo nimecheka na mdogo wangu hadi mbavu zimeuma. Mpaka tumeuweka upya, safari hii kwa mkonge, hata kipofu atachomwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi barazani. Nimeonja mkia wa kila muhogo mbele ya watu, natafuna kwa kelele ili waone. Wamerudi mmoja mmoja. Swaumu wa kwanza, na kwa sauti ya kusikiwa na uchochoro mzima kasema, "Huu ndio wenyewe."

Sijapandisha bei bado. Nimekata vipande vyembamba zaidi. Hakuna aliyesema kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Vipande vyembamba haviokoi. Vinakauka, vinakunywa mafuta, watu wanalalamika wanakula ganda. Nimevirudisha unene wake nikapandisha bei. Nilitegemea makelele. Watumishi wa ofisi na vijana wa bodaboda wamelipa bila kuuliza, mmoja kasema ulichelewa. Biashara inakwenda, Masoud analipwa, Mama hakohoi. Nimehesabu heri zangu, zipo.

Swaumu kaniuliza bei mara mbili, kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akala kipande kimoja badala ya vitatu, akalamba chachandu yote, akaondoka.

Jumamosi, 3 Mei

Swaumu hajapita siku kadhaa. Nimeuliza, wanasema hana neno, yupo anafua. Nimeshika simu nimpigie Masoud nimwombe apunguze kidogo, kidogo tu, kwa ajili ya mtu mmoja. Nikaiweka chini. Kumwomba kidogo tu ndivyo tulivyoanza.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimepungua, asubuhi leo ina jua. Swaumu kapita na beseni la nguo za watu kichwani, upande wa pili wa njia. Nimemwita kwa sauti hadi wateja wakageuka. Akavuka.

"Shoga, mbona umenitupa?"

"Nani kakutupa? Kazi nyingi. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kaa ule."

"Nipe chachandu tu," akasema. "Nina kiporo cha ugali nyumbani kinataka kuamshwa. Muhogo nitakula siku nyingine."

Kasema huku anacheka, ili nisione aibu yake, au ili asione yangu. Nimejaza sahani, vipande vinono, nikamwekea mbele. Huyu ndiye aliyekimbia mvuani na tende shavuni. Kaitazama sahani ile, na nilimwona anaitaka. Kisha kaisukuma taratibu kwa vidole viwili.

"Mimi ni mteja wako, Shamsia. Usinifanye ombaomba hapa barazani, watu wanatazama."

Nikaiondoa. Nikamtilia chachandu kwenye kikopo, nikakijaza hadi juu. Akafungua pindo la kanga akatoa sarafu. Chachandu sijawahi kuiuza tangu nianze kazi hii, ni kitu cha kupaka tu, kinakuja na muhogo. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, na uso wake ulikuwa unanisihi nisiseme.

Nikaipokea.